Mkanda Uliokatika Msambweni



Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Shaabani tulivuka Likoni mapema, kabla ya jua kupanda, tukiwa watu watatu: mama yetu, mdogo wetu wa kike, na sisi tuandikao haya. Mama ana desturi yake ya miaka mingi. Kila Ramadhani inapokaribia huenda upande wa Msambweni kumwona wifi yake, dada wa marehemu baba, wakaombana radhi, wakala vunja jungu pamoja, kisha hurudi Mombasa na unga wa mahindi ya huko. Kwa maoni yake, hakuna unga wa pakiti uwezao kutoa uji wa kufuturia unaofanana na ule. Sisi watoto humfuata kwa ajili ya shangazi na, tukisema kweli, kwa ajili ya madafu pia.

Wenye magari yao siku hizi huzunguka kwa Dongo Kundu wakatokea ng'ambo bila kungoja. Sisi wa matatu tungali watu wa feri, wa kusimama bega kwa bega na wauza samaki na watoto wa shule, na hatuioni kuwa dhiki kubwa. Ng'ambo ya pili safari ni ya majina tuyajuayo kwa moyo: Ng'ombeni, Waa, Kombani penye njia ikatayo kulia kupanda Kwale mjini na milima ya Shimba, kisha Tiwi, kisha daraja la mto Mwachema. Mdomoni mwa mto huo, chini ya mibuyu, upo msikiti wa kale wa Kongo, na mama haachi kuuombea dua wajenzi wake kila gari linapopita darajani, ijapokuwa msikiti wenyewe hauonekani kutoka barabarani. Ukunda watalii hukata kushoto kwenda pwani ya Diani. Sisi tuliendelea mbele, tukaipita Kinondo na msitu wake wa kaya, tukaipita Gazi na mikoko yake, hata tukafika Msambweni, na hapo tukapanda bodaboda mbili kuingia ndani kwa njia ya mchanga, baina ya minazi na mikanju. Mama alikalia ya mbele akiwa amelishika buibui lake kwa mikono miwili.

Shangazi hakuwapo nyumbani. Mtoto mmoja alituambia: "Wako mashineni." Tukaenda mashineni.

Wasomaji wetu wa mjini huenda wasijue maana ya mashine kwa kijiji. Hicho ni kisiagi, mashine ya kusagia mahindi, na hapo kijijini mashine ni moja tu. Ilinunuliwa na chama cha akina mama, ambacho shangazi yetu ndiye mshika fedha wake, kwa akiba ya shilingi chache chache kila wiki. Kabla yake mahindi yalipelekwa mbali kichwani, na kabla ya hapo, katika ujana wa nyanya yetu, kulikuwa na kinu na mchi na jiwe la kusagia, na mwanamke wa Kidigo aliyetaka wari wa jioni alianza kuutafuta mchana. Sasa mwanamke huiacha ndoo yake katika foleni, ndoo ikamshikia nafasi, naye akaenda kufua. Tulipofika tulihesabu ndoo na madebe zaidi ya thelathini yaliyopangwa kutoka mlangoni mpaka chini ya mwembe, maana kila nyumba ilitaka unga wa uji kabla mwezi haujaandama.

Tulikuwa bado tunasalimiana. Shikamoo moja haijajibiwa sawasawa, ulisikika mlio kama kofi kubwa lililopigwa ukutani, na sauti ya mashine ikabadilika, ikawa nzito na ya kukokota. Shangazi alikimbia akazima umeme. Mkanda mmoja ulikuwa umekatika, ukaruka, ukampita mvulana aliyekuwa akishikilia gunia, ukaangukia mchangani nje ya mlango. Mvulana alicheka kwa hofu. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini mama alikaa chini hapo hapo.

Mashine ile huendeshwa na mota ya umeme. Mota ina gurudumu lenye mifereji, ambalo mafundi huliita puli, na kinu kina puli yake iliyo ndogo zaidi. Baina ya hizo mbili hupita mikanda mitatu iliyo sawasawa, kila mmoja katika mfereji wake. Ndani ya kinu vimo vyuma viitwavyo nyundo, ambavyo huzunguka na kuyapiga mahindi hata yapite katika matundu ya wavu. Mota ya namna ile huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika, na kwa kuwa puli yake ni kubwa mara mbili ya ile ya kinu, kinu huzunguka mara 2,900 hivi. Tulikaa kupiga hesabu usiku ule kwa penseli ya mdogo wetu. Puli ya mota ina upana wa inchi 10. Basi mkanda hukimbia karibu mita 19 kwa kila sekunde, yaani kilomita 70 hivi kwa saa. Huo ni mwendo wa matatu isiyo na adabu baina ya Ng'ombeni na Kombani, nao umo ndani ya banda, hatua mbili kutoka kwa mwanamke aliyeshika ndoo.

Sasa likaja suala la nini kifanywe, na hapo kila mtu alikuwa fundi. Mmoja alisema mikanda miwili iliyobaki yatosha, itaendeshwa polepole. Mwingine akasema inunuliwe mmoja tu wa kuziba pengo, maana mfuko wa chama haukuwa na zaidi ya hapo. Wa tatu alileta kipande cha sabuni ya kufulia, akaeleza kwamba mikanda imekuwa ikilia kwa wiki mbili, na kila ilipolia yeye aliipaka sabuni ikanyamaza. Shangazi aliwasikiliza wote, kisha akatuma aitwe fundi.

Fundi huyo ni mtu wa makamo, mzaliwa wa pale pale, aliyefanya kazi miaka kadhaa katika mgodi wa titani wa Kwale. Uchimbaji uliposimamishwa Desemba 2024 alirudi nyumbani na sanduku lake la spana. Aliuokota mkanda uliokatika, akaupinda, akaupitisha mkononi kama mtu apimaye kitambaa. Mbavu zake zilikuwa ngumu na zinang'aa kama kioo. Akatuonyesha kwamba mkanda wa namna hii, ukiutazama pale ulipokatika, una umbo la kabari. Haukai chini ya mfereji, bali hushika kwa mbavu zake mbili, kama kabari iliyobanwa katika ufa, na kadiri uvutwavyo ndivyo ushikavyo zaidi. Umbo hili lina umri wa karne moja tu na kidogo. Viwanda vya zamani vilitumia mikanda mipana ya ngozi, hata mwaka 1917 John Gates wa mji wa Denver, Marekani, alipotengeneza mkanda wa mpira wa umbo la kabari, nao ndio uliokuja kuenea duniani mpaka ukafika chini ya mwembe wa shangazi.

Kuhusu sabuni alisema kwa upole: "Mama zangu, mkanda ukilia unasema kwamba unateleza. Sabuni huuziba mdomo tu." Huendelea kuteleza, hupata moto, mbavu zikapikwa zikawa ngumu, na mwisho wake ni ule uliokuwa mkononi mwake. Dawa ya kilio, alisema, ni kuukaza mkanda uliolegea au kuubadilisha uliochoka.

Na kuhusu mkanda mmoja alikataa kabisa. Mkanda uliotumika hurefuka kidogo, hata kama jicho halioni. Ukiuweka mpya mmoja kati ya wakongwe wawili, mpya ndio mfupi kuliko wenzake, nao hubeba mzigo wote huku hao wawili wakicheza katika mifereji yao. "Utakatika kabla ya Idi," alisema, "na mtakuwa mmenunua hasara." Hubadilishwa yote mitatu kwa pamoja, ya namba moja na kiwanda kimoja, au haibadilishwi.

Hapo mama alifungua mkoba. Ni mtu wa kutoa, na siku zile ni za kutoa. Shangazi alimshika mkono akaufunga mkoba taratibu, akamwambia: "Wifi, Mungu akuzidishie. Lakini chama kikinunuliwa mkanda na wageni mwaka huu, mwaka ujao kitakaa kikingoja wageni." Kulikuwa na ukimya kidogo, kwa maana mama hapendi kuitwa mgeni kwa watu wa mumewe. Kisha shangazi aliwageukia wenye ndoo, akawapa shauri ambalo sisi tuliliona la hekima kuliko yote yaliyosemwa siku ile: kila atakaye alipe sasa ada ya kusaga ya mwezi mzima wa Ramadhani, jina lake liandikwe katika daftari, na kila asagapo likatwe. Waliokuwa nacho walitoa. Asiyekuwa nacho hakuulizwa. Zilipohesabiwa, zilikosa kidogo kufikia mikanda mitatu, na hicho kidogo ndicho mama alichoruhusiwa kukitoa, kwa sharti kiwe karadha na kiandikwe. Kikaandikwa, mbele ya mashahidi wawili, na uso wa mama ukakunjuka.

Sisi tulijitolea kwenda Ukunda kuinunua mikanda, mwendo wa kilomita 20 na zaidi, na hapa yatubidi tulikiri kosa letu. Fundi aliusafisha mgongo wa mkanda kwa kitambaa ili tuisome namba. Herufi B ilionekana wazi, ambayo ni kipimo cha unene: milimita 17 upana wa juu na milimita 11 kwenda chini. Tarakimu zilizofuata, ambazo ni urefu wa ndani kwa inchi, zilikuwa zimefifia. Tulizisoma 80. Fundi alikuwa ameshaondoka kuwahi alasiri. Hatukuona haja ya kuubeba mkanda wenyewe, mchafu vile, ndani ya matatu pamoja na mabuibui yetu, tukaiandika namba katika kipande cha karatasi, tukaenda zetu. Tulirudi magharibi na mikanda mitatu mizuri, mieusi, inayonukia mpira mpya, na hakuna hata mmoja uliokubali kufika kwenye puli ya pili. Ilikuwa mifupi kwa inchi 6. Namba ilikuwa 86.

Hakuna aliyetulaumu, na hilo lilituuma zaidi. Ndoo zilikaa pale pale usiku kucha zimefunikwa kwa sinia na kanga, na nyumba kadhaa zilikula mihogo usiku ule. Asubuhi ya Ijumaa tulikwenda tena Ukunda, safari hii mkanda uliokatika ukiwa umefungwa katika gazeti kwenye mapaja yetu. Mwenye duka aliubadilishia bila maneno, akauning'iniza ule mkongwe na ule mpya katika msumari mmoja ili tuone kwa macho. Mpya ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole tu; hicho kidole ndicho umri wa mkanda.

Usiku ule wa Alhamisi, kwa kujipa moyo, tulikuwa tumeutuma mkasa wetu katika kundi la familia kwenye simu, na akajibu mtoto wa binamu yetu aliyeko Kanada. Huko kuna vyombo vidogo vya kutembelea juu ya theluji, mbele vina vyuma vya kuteleza kama ngalawa, nyuma vina mkanda mpana wa kukanyagia. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, jimbo la Quebec, ndiye aliyekitoa Ski-Doo, chombo kilichovipa umaarufu, mwaka 1959. Kijana alitueleza kwamba ndani ya chombo hicho, baina ya injini na magurudumu ya kukanyagia, upo mkanda wa kabari kama wetu, ila puli zake hujipanua na kujibana zenyewe kwa kadiri ya mwendo, hivyo dereva habadilishi gia. Wenye busara huko hawatoki kwenda mbali bila mkanda wa akiba, kwa maana ukikatika katikati ya theluji, baridi haingoji duka lifunguliwe. Shangazi alitaka kuusikia ujumbe huo mara mbili. Kisha akasema ile miwili ya zamani ambayo haikukatika isitupwe, itundikwe ukutani, ili siku ya dharura iwapo ya kusogezea siku moja au mbili. Hivyo rai kutoka Kanada ilipokewa Msambweni, na sijui kama kijana mwenyewe alijua kwamba alikuwa akitoa rai.

Kazi yenyewe ilifanywa baada ya swala ya Ijumaa. Fundi alitoka msikitini na kanzu yake, akaivua akabaki na fulana na kikoi, akasema Bismillahi. Msaidizi wake alikuwa binti wa shangazi, aliyesoma ufundi wa umeme katika chuo cha ufundi cha kaunti na ambaye mpaka siku ile alikuwa hajaombwa na mtu kijijini zaidi ya kuchomeka balbu. Binti alikuja na suruali pana chini ya gauni na mtandio wake ameupeleka nyuma akaufunga kwa pini ndani ya shati. Wanawake wengine walicheka kidogo. Fundi hakucheka. Alimwambia: "Hivyo hivyo, mwanangu."

Kitu cha kwanza hakikuwa spana. Umeme ulizimwa kwenye swichi kubwa ukutani, sanduku la swichi likafungwa kwa kufuli, na ufunguo akapewa shangazi autie katika pindo la kanga yake. Fundi alieleza kwamba mtu aliyeingiza mikono baina ya mkanda na puli hana njia ya kumzuia mtoto anayechezea swichi. Hana ila ufunguo ulio kwa mtu amwaminiye.

Kisha walilegeza bolti nne za mota na kuisogeza mota mbele katika reli zake, kuelekea kinu, mpaka mikanda ya zamani ikatoka kwa mkono bila kuvutwa. Hapa mwanamume mmoja mwenye nguvu alijitokeza na bisibisi ndefu, akasema njia fupi ni kuukwanyua mkanda upande puli ilivyo. Fundi alimrudisha. Ndani ya mpira wa mkanda mna nyuzi zinazobeba mzigo wote, na bisibisi huzikata zile za pembeni bila kuonekana; mkanda huonekana mpya, nao umeshavunjwa mbavu. Mkanda huvishwa kwa mkono, ukilegea, na puli huzungushwa taratibu kwa kiganja kilichokunjuliwa, vidole vikiwa mbali na mfereji. Ni kidole cha mtu mwenye haraka kinachoingia humo, na hata puli isiyo na umeme hukiponda.

Binti alisafisha mifereji kwa kitambaa kikavu. Hakutumia mafuta, hakutumia petroli. Akaingiza tochi ya simu kutazama chini ya kila mfereji. Pangekuwa panang'aa, ingekuwa alama kwamba mbavu za puli zimelika na mkanda umezama mpaka chini, na mikanda mipya ingekuwa kazi bure. Hapakung'aa. Baada ya mikanda mitatu kukaa mahali pake walivuta mota nyuma kwa bolti ya kuvutia, wakapitisha uzi ulionyooka kutoka uso wa puli moja mpaka uso wa nyingine. Uzi ulipaswa kugusa pande zote; mahali pamoja uliacha mwanya wa kuingiza unyasi. Wakaisogeza mota tena. Zoezi hili la uzi lilichukua muda mrefu kuliko yote, na wenye ndoo walianza kuguna. Fundi alisema puli zilizopinda hula mkanda upande mmoja kama kiatu cha mtu achechemeaye.

Kipimo cha kukaza ni rahisi hata mama alikielewa. Unabonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukae chini kadiri ya milimita 16 kwa kila mita moja ya nafasi iliyopo baina yao. Kwa mashine ya shangazi, ambayo nafasi yake haifiki mita, ni chini kidogo ya upana wa kidole. Ukibonyea zaidi utateleza na kulia. Ukigoma kabisa utaua beringi za mota, na beringi zina bei kuliko mikanda.

Walipomaliza kukaza, watu walipiga vigelegele na shangazi akautafuta ufunguo katika pindo. Fundi akauliza: "Kifuniko kiko wapi?"

Mashine ile ilipokuja ilikuwa na kifuniko cha wavu wa chuma cha kufunika puli na mikanda yote. Kilikuwa nyuma ya banda, kimeegemezwa ukutani, na kuku alikuwa amefanya kiota ndani yake. Hakuna aliyekumbuka ni lini kilitolewa. Kilitolewa siku ya kubadilisha mkanda, miaka iliyopita, kwa muda tu. Bolti mbili zikapotea. Kisha ikaonekana ni rahisi zaidi kupaka sabuni kikiwa hakipo. Mtu mmoja alisema waendelee leo hivyo hivyo, kifuniko kitarudishwa baada ya Idi, watu wana haraka.

Hapo alisimama mwanamke mmoja wa chama, jirani wa shangazi, ambaye tangu jana hatukumsikia akisema neno. Alifunua upande wa shingo yake kwa sisi wanawake tuliokuwa karibu, akageuza mgongo kwa wanaume. Palikuwa na alama nyembamba ya kung'aa, kutoka chini ya sikio mpaka koo. Alieleza kwa maneno machache. Mwaka ambao kifuniko kilitolewa aliinama kuchukua ndoo yake, ncha ya mtandio ikapeperushwa na upepo wa puli, na mkanda ukaichukua. Hakukumbuka maumivu, alikumbuka kwamba ukuta ulimjia. Mtandio ulikuwa mkuukuu, umefuliwa mpaka umekuwa kama utando, nao ulichanika. "Ungekuwa ule wa Idi," alisema, "mngeshanisahau." Akakaa.

Tuliitazama mitandio yetu. Mmoja wetu alikuwa amevaa mpya, wa hariri, aliyoupeleka begani kwa madaha asubuhi ile.

Hatukungoja tena kuambiwa. Mdogo wetu alimhamisha kuku, mayai sita akayatia katika ungo. Binti na mama walikisugua kifuniko kwa majivu na brashi ya chuma. Bolti mbili zilizopotea zilipatikana katika sanduku la fundi, hazikuwa za ukubwa mmoja na zile za zamani, lakini zilishika. Ilichukua karibu saa nzima, na alasiri iliadhiniwa tukiwa bado kwenye bolti ya tatu. Watu wakaenda wakasali, wakarudi. Kisha shangazi aliutoa ufunguo.

Mashine ilipowashwa kwanza iliachwa izunguke tupu kwa muda, ndipo ndoo ya kwanza ikamiminwa. Sauti yake ilikuwa laini, ya kuvuma bila kulia, na unga ukatoka wenye joto kama mkate. Ndoo zilikwenda moja baada ya moja mpaka usiku, kwa taa, na shangazi katika daftari lake akikata. Fundi hakuwa ameondoka. Alikula wari na mchuzi wa papa pamoja na wanaume chini ya mwembe, na kabla ya kwenda alimwachia binti agizo moja: mikanda mipya hunyooka katika saa zake za kwanza za kazi, kwa hiyo kesho, baada ya kutwa nzima ya kusaga, izimwe, ifungwe kufuli, ipimwe tena kwa kidole gumba na kukazwa. Binti alirudia maneno yale kwa sauti, moja moja.

Jumamosi asubuhi tulirudi Mombasa. Mama alikuwa na debe la unga miguuni, na ile mikanda ya zamani tuliiacha imetundikwa ukutani juu ya swichi, ile miwili tu, kwa kuwa uliokatika mdogo wetu aliuomba ajifunze nao namba.

Jioni ya siku hiyo, watu wakiwa juu ya mapaa wakiutafuta mwezi, shangazi alipiga simu. Aliuliza kama mwezi umeonekana Mombasa, maana kwao kulikuwa na wingu. Kisha akasema mikanda ililegea kidogo, kama ilivyosemwa, na binti ameikaza peke yake, ufunguo ukiwa pindoni kwa mama yake. Na kifuniko? mama akauliza. Shangazi akasema amezihesabu bolti kwa mkono wake mwenyewe baada ya binti kumaliza. Zilikuwa nne.